KINU NA MCHI: TUSITUPE AFYA PAMOJA NA PUMBA



Ukipanda kutoka Morogoro mjini kwenda Kinole, au ukizunguka kwa njia ya Mkuyuni hadi Matombo, ni vigumu kupita kijiji usikione kinu. Kipo kando ya jiko au uani chini ya mti, na mchi wake umeegemezwa ukutani. Mashine za kusaga zimefika vijiji vingi vya Uluguru, lakini kinu hakijaondoka. Ndicho kinachokoboa mahindi, kinachotwanga mpunga wa chakula cha jioni, kisamvu, karanga, na hata pilipili manga na mdalasini vinavyolimwa huko huko milimani.

Kwa kuwa tumekizoea tangu utoto, kinu tunakiona kuwa ni kifaa cha kazi tu. Leo tunataka tukitazame kuwa ni kifaa cha afya. Chakula kikiingia kinuni huweza kutoka kikiwa bora kuliko kilivyoingia, au kikiwa kimepoteza sehemu yake nzuri. Kuna sumu zinazotolewa na mchi, na kuna sumu zinazoingizwa humo na sisi wenyewe bila kujua. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitufundisha habari za vyoo na maji safi, na kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ikatufundisha vyakula vya kujenga mwili, kutia nguvu na kulinda mwili. Kinu kimesimama katikati ya shamba na chungu.

Tuanze na mahindi. Chukua punje moja uikate kwa kisu. Utaona ganda la nje, utaona sehemu kubwa nyeupe ambayo ni wanga, na chini kwenye ncha utaona kiini, pale mche unapoanzia kuota. Kiini ni kidogo, karibu sehemu moja tu kwa kumi ya punje, lakini ndani yake kuna karibu sehemu nne kwa tano za mafuta yote ya punje hiyo, pamoja na protini nzuri, vitamini na madini. Sehemu nyeupe hutia nguvu, lakini haina mengi zaidi ya hayo.

Sasa tazama kazi inavyofanyika nyumbani. Mama hunyunyizia mahindi maji kidogo, huyatwanga taratibu mpaka ganda lilegee, kisha huyapepeta kwenye ungo. Pumba huruka, na kiini huruka pamoja nazo. Wengi hawaishii hapo. Huyaloweka mahindi yaliyokobolewa siku mbili au tatu, huyaosha, huyaanika, ndipo huyatwanga au huyapeleka mashineni yawe unga mweupe unaopendeza macho. Maji yale ya kulowekea yanapomwagwa, vitamini zinazoyeyuka kwenye maji humwagika nayo. Kuku waliokula zile pumba wamepata sehemu nzuri, na mtoto anayesubiri ugali amebakiziwa wanga.

Jambo hili si dogo. Kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, watu maskini wengi waliokula unga wa mahindi siku zote walipatwa na ugonjwa wa pelagra. Ngozi huwa nyekundu na kubabuka mahali panapopigwa na jua, mgonjwa huharisha, na mwisho akili huchanganyikiwa. Kuanzia mwaka 1914 daktari mmoja aitwaye Joseph Goldberger aliuchunguza na kuonyesha kwamba chanzo chake ni chakula, wala si wadudu wa magonjwa. Baadaye ikajulikana kuwa kilichokosekana ni vitamini iitwayo niasini. Lakini huko Mexico, mahali mahindi yalikotoka, watu walikuwa wameyala kwa maelfu ya miaka bila taabu hiyo. Wao huyachemsha mahindi kwa maji yenye chokaa kabla ya kuyasaga kwenye jiwe, na chokaa hufungua niasini iliyofungwa ndani ya punje ili mwili uweze kuitumia. Mahindi yalisafiri kwenda nchi nyingi, lakini ujuzi wa akina mama wa Mexico haukusafiri nayo.

Mpunga nao una habari kama hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Java, daktari Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wa mashine wakilegea miguu, na waliporudishiwa mchele wenye ngozi yake wakapona. Ugonjwa wa wanadamu wa namna hiyo huitwa beriberi, na hutokana na upungufu wa vitamini B1. Mchele uliotwangwa kinuni hubaki na sehemu ya ngozi yake nyekundu, na ndiyo yenye vitamini hiyo. Basi anayelima mpunga Kisaki au Kilombero asione haya kumkaribisha mgeni kwa mchele wa kinu usio mweupe. Kumvi zitolewe, lakini wishwa isisuguliwe mpaka punje ing'ae.

Je, basi tuache kukoboa mahindi, sote tule dona? Wataalamu wengi husema hivyo, na kwa chakula wamesema kweli. Lakini hapa kuna jambo la pili, na msomaji wa Uluguru yampasa alijue, maana milima yetu ina unyevu mwingi. Upande wa mashariki, kule Kinole, Tegetero na Matombo, ukungu na mvua huwakuta watu hata wakati ambapo Morogoro mjini pamekauka. Mahindi yaliyovunwa yakiwa mabichi na kurundikwa chini huota ukungu. Baadhi ya ukungu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii huumiza ini, na mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kupata saratani ya ini. Huhusishwa pia na kudumaa kwa watoto. Ikiwa nyingi, huua kwa siku chache. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 ikaja kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wakaugua watu 68 na 20 wakafa. Walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani kwao, waliyoyalima wenyewe.

Moto wa jikoni hauiondoi sumu hii. Ugali wa mahindi yenye sumukuvu hata ukipikwa kwa saa nzima utabaki na sumu yake. Lakini kinu na ungo huweza kuipunguza, kwa sababu sumukuvu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Mahindi yakichambuliwa na kukobolewa, kiasi kikubwa cha sumu hutoka pamoja na pumba. Yaani pumba ile ile tuliyosema ina vitamini, ndiyo yenye sumu endapo mahindi yameota ukungu.

Kwa hiyo shauri la kula dona au sembe huamuliwa kabla mchi haujashikwa, pale punje zinapomwagwa kwenye ungo mchana wa jua. Toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa, na zenye rangi ya kijani, nyeusi au kijivu. Mtu mzima na watoto wawili wakubwa huchambua debe kwa muda si mrefu, na ni kazi ya kukaa kivulini na kuzungumza. Kama mahindi yalikaushwa vizuri na punje mbaya ni chache, yatoe hizo, usage dona bila hofu. Kama una mashaka kidogo, yachambue, yakoboe, yaoshe na kuyakausha tena. Kama punje mbaya ni nyingi, hayo si chakula tena. Hapa tuseme wazi: wapo wanaoyatenga mahindi mabovu kwa ajili ya pombe, na wapo wanaompa kuku au ng'ombe wa maziwa. Sumukuvu haiondoki kwenye pombe, na ng'ombe akiila huonekana kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Mahindi hayo yafukiwe.

Wazee wengi milimani hutundika magunzi juu ya jiko ili moshi na joto viyakaushe. Desturi hiyo ina maana. Aliye na turubai na ayaanike juu yake, si juu ya udongo mtupu.

Neno jingine kuhusu dona: kwa kuwa ina mafuta ya kiini, huchacha upesi kuliko sembe. Twanga au saga ya wiki moja au mbili, usisage gunia zima. Na ifahamike kwamba kanuni za mwaka 2011 zilizohusu kuongeza virutubisho kwenye unga ziliwalenga wenye viwanda. Unga utokao kwenye kinu chako hauna kilichoongezwa, kwa hiyo kilichomo humo ni kile tu ambacho hukukitupa.

Sasa tuje kwenye kisamvu. Hapa kinu hufanya kazi ambayo kisu hakiwezi kuifanya. Jani la muhogo lina kitu ambacho peke yake hakidhuru upesi, na lina kimeng'enya kilichotengwa katika chumba kingine cha jani hilo hilo. Jani likipondwa, vyumba hivyo hupasuka, vitu viwili hivyo hukutana, na hutoka hewa yenye sumu iitwayo sianidi. Hiyo ni sumu kali, lakini ni nyepesi, hupaa na kuondoka. Kwa hiyo kisamvu kilichotwangwa mpaka kikalainika, kikaachwa kidogo, kisha kikachemshwa vizuri huku chungu kikiwa wazi mwanzoni, huwa kimeachia sumu yake. Kilichokatwakatwa kwa kisu kwa kuwa mtwangaji amechoka hubaki na sumu ndani ya vipande vyake. Bibi akimwambia mjukuu wake, "Twanga tena, mama, bado hakijalainika," si kwamba anamwonea.

Mizizi ya mihogo michungu inataka subira zaidi. Mwaka 1985 wilayani Tarime, wakati wa ukame, watu walibaki na mihogo michungu, na kwa njaa wakafupisha siku za kuiandaa. Matokeo yake wengine, hasa wanawake na watoto, walipooza miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo. Haumuui mgonjwa, lakini miguu hairudi ilivyokuwa. Mihogo michungu na ilowekwe siku tatu au zaidi mpaka ilainike, imenywe, ianikwe na ikauke kabisa ndipo itwangwe. Na kwa unga ulioandaliwa kwa haraka, ipo njia rahisi iliyobuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na kutumika Msumbiji na Kongo. Changanya unga na maji uwe mzito, utandaze kwenye ungo au sinia kwa unene usiozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sehemu kubwa ya sumu iliyobaki hupaa. Kisha pika ugali siku hiyo hiyo.

Mtoto mdogo tumemwacha nyuma, tumrudie. Akitimiza miezi sita, maziwa ya mama pekee hayamtoshi tena, anahitaji uji. Hapa akina mama hukwama. Uji mwepesi ni maji mengi na unga kidogo, na tumbo la mtoto ni dogo, hujaa kabla hajashiba. Uji mzito hawezi kuumeza. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa nchi yetu walihimiza dawa ya shida hii, na dawa yenyewe kila mpika pombe anaifahamu: kimea.

Chukua ulezi safi, uoshe, uloweke usiku kucha. Mwaga maji, uweke kwenye kikapu safi na kuufunika, unyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu mpaka uchipue. Uanike mpaka ukauke, usugue kwa mikono ili vimizizi vidondoke, upepete, kisha utwange na kuchekecha. Huo ndio unga wa kimea. Pika uji mzito kama kawaida, uepue, ukipoa kidogo tia kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Utashangaa mwenyewe: uji mzito utageuka kuwa mwepesi bila kuongezwa maji. Kisha urudishe motoni uchemke tena, maana kimea hakijapikwa. Mtoto atakunywa kikombe kile kile, lakini kikiwa na chakula karibu mara mbili. Wapo wanaotumia mtama badala ya ulezi, lakini machipukizi ya mtama yana sumu ya aina ile ile ya muhogo, kwa hiyo yaondolewe yote. Ulezi ni salama zaidi.

Ukitwanga na karanga zilizokaangwa, uji huo utakuwa na chakula cha kujenga mwili, na ndicho anachokosa mtoto anayevimba miguu na kubadilika nywele kwa unyafuzi, yaani kwashakoo. Karanga nazo zichambuliwe kama mahindi. Iliyosinyaa au chungu mdomoni itupwe, kwani sumukuvu huipenda karanga vile vile.

Mahali pengine kazi hii hufanywa kwa jiwe la kusagia, lile jiwe pana na dogo lake la mkononi. Ni chombo cha zamani kuliko kilimo. Katika pango la Ngalue, kaskazini mwa Msumbiji, wachunguzi walikuta kwenye mawe ya miaka 105,000 iliyopita mabaki ya wanga wa mtama wa porini. Ubaya wa jiwe ni kwamba likiwa laini huacha mchanga kwenye unga, na mchanga husaga meno. Litafutwe gumu, na lisuguliwe kwa maji na brashi.

Hata kinu kilichotwanga vizuri huweza kuleta madhara kikitumika kwa kila kitu. Kinu cha chakula kiwe cha chakula tu. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, wanavijiji waliokuwa wakichimba dhahabu waliponda na kusaga mawe nyumbani, wengine kwa vifaa vile vile vya chakula. Mawe hayo yalikuwa na madini ya risasi. Vumbi likaingia katika chakula, udongo wa uani na mikono ya watoto. Watoto wasiopungua 400 walikufa. Kwetu Morogoro pia wapo wachimbaji wadogo, na mwenye jiwe la kuponda na atafute chombo chake na kukiweka mbali na nyumba. Mbegu za dukani zilizotiwa dawa na rangi zisipite kinuni hata zikioshwa mara kumi. Majani na mizizi ya dawa za kienyeji vitwangwe katika kinu kingine kidogo chenye alama, kwa sababu baadhi yake hutumika kwa kipimo, na mabaki yake hayana kipimo.

Kinu kichongwe kwa mti mgumu usio na utomvu wala harufu kali, kama mkongo au mkwaju. Kila kazi ikiisha kioshwe, kisuguliwe, kianikwe juani, kisha kigeuzwe mdomo chini. Kinu kilichoachwa wazi usiku ni bakuli la panya, kuku na mbwa. Kikipasuka ndani, unga hukaa kwenye ufa na kuoza. Ufa mdogo huweza kuchongwa na fundi mpaka uishe, mkubwa haufai kuzibwa kwa lami wala kwa gundi.

Tumesema mengi ya chakula, bado hatujasema ya mtwangaji. Kutwanga ni kazi nzito ya mgongo na mabega, na kwa kawaida humwangukia mama ambaye ametoka shambani mlimani, amebeba kuni, na pengine ana mimba au mtoto mgongoni. Mwanamke mwenye upungufu wa damu huchoka kabla kinu hakijajaa, na ndipo kisamvu kinapobaki kigumu na mahindi hayachambuliwi. Mjamzito wa miezi ya mwisho apunguziwe kazi hii. Watu wawili watwange kwa kupokezana, maana mapigo yakipishana kila mmoja hupumua. Nasi wanaume tusijifiche nyuma ya mila. Hakuna mila ya Uluguru wala ya pwani iliyoandika kwamba mchi huvunja mkono wa mume, na kijana wa miaka kumi na sita anayecheza mpira mpaka magharibi ana nguvu za kutosha kutwanga debe.

Watoto wadogo wakae mbali wakati mchi unapanda na kushuka. Kidole cha mtoto anayedokoa punje kinuni hupondwa kwa mara moja. Akiumia, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi, umpeleke zahanati siku hiyo hiyo, na umweleze mganga kama amepata chanjo ya pepopunda. Mchi, kazi ikimalizika, ulazwe chini au ufungwe ukutani. Ukiegemezwa tu, mtoto akiuvuta humwangukia.